Jina la Bledsoe

Orangeburg, South Carolina
14 Machi 1988

Win wangu,

Nimefika. Basi lilichelewa, na nilipoteremka Mama alinipita. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani, mkoba ameukumbatia, anamtazama kila abiria usoni. Alinitazama na mimi, kisha akaendelea kumtafuta mwanawe. Ikabidi nimwite. Akageuka, akanikagua toka viatu hadi kichwani, akasema, "Huko Philadelphia hawauzi chakula?" Hiyo ndiyo salamu niliyopata baada ya miaka yote hii. Nikacheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa akarudi nyuma.

Usimchukie. Amenipa chumba changu cha zamani na mashuka yamepigwa pasi. Nina sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu, amevifunga utepe mwekundu visije vikachanganyika na vyake. Bafu analisugua kwa dawa mpaka macho yananiwasha. Kanisani amewaambia naumwa mapafu. Si uongo, mapafu ninayo.

Najua bado una kinyongo kwamba niliondoka. Lakini zile ngazi zilikuwa zimenishinda, na wewe ulikuwa ukitoka kazini unanibeba kwenda chooni, kisha unakaa mezani na maandiko ya watu mpaka unasinzia juu yake. Mmoja wetu lazima abaki mzima akimalize kitabu.

Ila kuna jambo limenikaa rohoni, na nisipolisema halitatoka. Pale stesheni nilikaa dirishani, upande uliosimama wewe. Nilikupungia mkono hadi basi lilipokata kona. Wewe ulisimama tu, uso umeuelekeza kwangu, mkono haukuinuka. Najua palikuwa na watu. Najua kazini kwako hawajui lolote. Lakini Win, tunatengeneza kitabu cha kuwaambia wenzetu wasijifiche, nawe unashindwa kunipungia?

Haya, nimeshasema. Nieleze habari za kitabu. Mchapaji amesema lini? Nataka jina langu liandikwe kamili, Lucius Bledsoe, si herufi mbili kama mshitakiwa gazetini. Umesahau tulivyomzika rafiki yetu Carver? Mchungaji alisema alikuwa kijana mpole ambaye hakubahatika kuoa, na sisi tuliomuuguza tukakaa benchi la nyuma, tumenyamaza. Mimi nataka mtu mweusi anayependa wanaume, popote alipo, anayedhani ameumbwa peke yake duniani, akishika kitabu kile aone jina la mtu kamili, mwenye mama na mwenye kwao.

Usipige simu. Iko ukumbini, na Mama akiisikia huacha kila kitu aje asikilize. Usije pia. Niandikie.

Wako,
Lucius


Philadelphia
26 Machi 1988

Lucius mpenzi,

Nisamehe kwa kutumia taipu. Mkono umezoea vibonye vya kazini, nikishika kalamu najiona nachora.

Kuhusu stesheni, jua lilikuwa usoni kwangu na sikuona kitu. Ni hilo tu. Usilitungie shairi.

Kitabu kiko kwa mchapaji. Wamesema mwisho wa Mei. Jina la kitabu ni lile lile tulilokubaliana, *Kwa Majina Yetu*, na jina lako liko kamili kama ulivyotaka.

Jumapili wenzetu wa kitabu walikuja wote kama kawaida. Ambrose alileta pai ya viazi vitamu na kofia mpya yenye manyoya ya tausi, akakataa kuivua hata wakati wa kula. Alisimulia tena kisa cha siku askari walipovamia ile klabu alipokuwa akiimba kwa jina la Bibi Magnolia, alivyotorokea dirisha la choo na gauni likabaki kwenye misumari. Kila akisimulia, gauni linabadilika rangi. Nilimwambia akiandike tukiweke kitabuni, akasema, "Shoga, mimi nikianza kuandika nyie wote mtakosa kazi." Tulicheka. Halafu mmoja akauliza Lucius anaendeleaje, na hakuna aliyeweza kula tena.

Barua za kitabu bado zinakuja. Yule mfungwa wa Virginia ametuma shairi jingine, juu ya mtu wa selo ya jirani ambaye hajawahi kumwona uso ila anamjua kwa anavyokohoa. Kuna shemasi mmoja wa Detroit, mzee, ametuma insha kuhusu rafiki yake. Maisha yao yote walikaa benchi moja kanisani, kila mtu na mkewe, mpaka rafiki akafa. Aliomba tusimtaje jina. Wiki iliyofuata akaandika tena, na Ambrose aliponisomea hiyo barua ya pili aliirudia toka mwanzo. Mzee amesema tumtaje. Amesema amechoka.

Lucius, niruhusu nije kwa Pasaka. Nitalala hotelini. Nitasema mimi ni mfanyakazi mwenzako. Nitasema lolote utakalo.

Nakupenda,
Win


Orangeburg
11 Aprili 1988

Win,

Mwandiko huu ndio uliobaki. Vumilia.

Jumatatu ya Pasaka Mjomba Hosea alikuja na mchungaji. Hosea ni kaka yake Mama, mzee wa kanisa, na tangu Baba afariki ndiye anayejiona mwenye nyumba hii. Walisimama mlangoni mwa chumba changu wakaniombea wakiwa pale pale, wala hawakuvuka kizingiti. Mchungaji aliomba Mungu anisamehe nilikopitia. Nikasema amina, kisha nikawaambia nilikopitia kutauzwa madukani mwezi wa tano, kukiwa na jina langu.

Hosea akauliza jina lipi. Nikamwambia ninalo moja tu.

Walipoondoka Mama aliingia. Unajua jina la Baba limechongwa kwenye jiwe la msingi la kanisa, alibeba matofali ya pale kwa mikono yake. Mama akapiga magoti kando ya kitanda. Nilidhani anataka kuomba. Kumbe ananiomba mimi. Niweke jina la upande wa mama yake, au jina la kubuni, au nisiweke kabisa.

"Baba yako alikufa jina hilo likiwa safi," akasema.

"Na mimi nakufa nalo, Mama. Tutaligawana."

Alikaa pale chini muda mrefu. Sijawahi kumkatalia mama yangu kitu akiwa amepiga magoti, Win. Nilikataa. Aliinuka akaenda kupika, na alasiri yote nilisikia sufuria zikigonga gonga.

Sasa nisikilize wewe. Barua yako ya juzi sikuielewa. Mistari imepigwa juu ya mingine, na jina langu umelikosea mara mbili, wewe ambaye uliwahi kunigombeza kwa sababu ya mkato mmoja. Na kwa nini Ambrose ndiye anayekusomea barua? Umeanza kunywa? Kama kuna mtu mwingine hapo nyumbani niambie, sitapiga kelele, pumzi yenyewe sina. Lakini usinifiche.

Na harakisha kitabu. Mama anadhani ni uchafu. Nikikiweka mkononi mwake ataona ni maneno ya watu. Sina kingine cha kumwonyesha. Nyumba sina, mtoto sina, mwili wenyewe uliuona.

Ukija sasa Hosea atanitoa humu. Amesema hivyo mbele ya Mama, na Mama hakumpinga.

L.


Orangeburg
29 Mei 1988

Bwana Winfield Stokely,

Huu ni mwandiko wa mama yake Lucius. Mkono wake haushiki tena kalamu. Ameniomba niandike atakayosema, na nimeahidi sitapunguza neno. Yanayofuata ni yake. Penye mabano ni mimi.

Win, mpenzi wangu. (Ameniambia niandike hivyo.) Umenijibu kwa mistari mitatu tu, kwamba hakuna mtu mwingine na kwamba kitabu kinakuja. Nimeamua kukuamini kwa sababu nimechoka kufanya kazi nyingine. Lakini Mei ndiyo hii inaisha. Gari la posta likipita namtuma Mama getini. Anarudi na bili na gazeti la kanisa. (Ni kweli. Naenda kila siku.)

Nakumbuka ulivyokuwa ukiniosha nywele kwenye sinki la jikoni, mkono wako nyuma ya shingo yangu, ukiimba kwa sauti mbaya kuliko zote za Pennsylvania. Nilikuwa na furaha. Nataka liandikwe mahali fulani kwamba nilikuwa na furaha, na sasa limeandikwa kwa mwandiko mzuri. (Mimi siyaafiki mambo haya, naye anajua. Ameniuliza kama nimeandika "furaha". Nimemwonyesha.)

Nisamehe kwa ile ya mtu mwingine. Homa ilikuwa inasema. Ila bado sielewi kwa nini hukunipungia. Nimelala hapa nikilifikiria kuliko ninavyofikiria kufa. Nalia juu ya mkono ambao haukuinuka, mtu mzima mimi. (Hapa alilia kweli, nikaweka kalamu chini.)

Niletee kitabu, Win. Nikione tu. Si lazima nikisome.

Lucius

Bwana Stokely, sasa ni mimi. Amelala. Hakuna anachoweza kumeza zaidi ya maji ya nyama kwa kijiko. Ile sahani yenye utepe nimeitupa, ilikuwa inamuumiza na mimi sikuwa nikiona. Nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kipo kitabu? Sikitaki. Lakini anakiulizia kila akifumbua macho, na mimi siwezi kuendelea kwenda getini bila kujua naendea nini.

Verdell Bledsoe


Philadelphia
8 Juni 1988

Kwako Mama Bledsoe,

Salamu na heshima. Anayeandika ni rafiki yangu Ambrose Tull, mimi nasema naye anaandika, kama ulivyomfanyia Lucius.

Kitabu hakipo. Wachapaji watatu wamekikataa. Wa kwanza alisoma kurasa mbili akaturudishia. Wa pili alikubali, kisha mafundi wake wakagoma kugusa karatasi, wakasema wataambukizwa. Wa tatu hakutujibu mpaka Ambrose alipomwendea, naye akakataa. Kwa hiyo nikaanza kukipanga mwenyewe kazini, baada ya saa za kazi, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kupanga herufi. Mwenye kiwanda alizikuta kurasa. Alizitupa na mimi akanifukuza. Hayo yalikuwa mwezi wa tatu, kabla sijamwandikia Lucius kwamba kitabu kiko kwa mchapaji. Nakala zilizopigwa taipu ninazo zote, hakuna kilichopotea. Lakini kitabu hakipo.

Jambo la pili ni macho. Ugonjwa ule ule alionao mwanao umeniingia machoni. Jicho la kushoto lilikufa wakati wa baridi. La kulia siku ile ya stesheni lilikuwa limebaki na ukungu tu, niliona basi kama ukuta wa kijivu. Sikujua yuko dirisha gani. Sikujua ananipungia. Sikumwambia, kwa sababu angekataa kuondoka, na mimi nilikuwa siwezi tena kumbeba bila kujikwaa. Zile barua nilizipiga kwa kubahatisha vibonye. Sasa sioni hata mwanga wa dirisha.

Mama, nilimdanganya kwa sababu alikuwa akiishi kwa kitabu hicho. Nilijua siku nikimwambia ukweli atakufa siku hiyo, nami niko mbali. Nakuomba usimwambie.

Na nakuomba kitu kingine. Niruhusu nije. Sitamwona, lakini nitamshika. Sitakaa kama hutaki nikae. Nimeishi na mwanao miaka sita na sijawahi kuomba chochote kwenu, hata salamu.

Winfield Stokely


Orangeburg
17 Juni 1988

Bwana Stokely,

Barua yako ilipofika Lucius alisikia nikifungua bahasha, akasema, "Soma, Mama." Sijawahi kumdanganya mtoto huyu na sikutaka kuanza sasa. Nilimsomea yote.

Aliniomba nirudie pale pa stesheni. Kisha akasema, "Kumbe hakuniona." Akacheka, Bwana Stokely. Akalirudia mara nyingi, kumbe hakuniona, kumbe hakuniona, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilipomtajia kitabu aligeukia ukutani. Jana hakutaka hata maji.

Anataka uje. Mimi nakuomba usije. Kaka yangu amesema ukikanyaga hapa kanisa halitamzika Lucius, na mahali pake ni kando ya baba yake, tulipanunua zamani. Nimebakiwa na hilo tu la kumpa. Wewe una kumbukumbu zako za kuoshana nywele. Niachie mimi kaburi.

Verdell Bledsoe


Orangeburg
20 Agosti 1988

Kwako Win,

Bwana Tull amenipigia simu, anasema homa imepungua na sasa unaweza kusikiliza barua. Kuna mambo hukuyaona siku mlipofika hapa ingawa nilikuomba usije, na hakuna mwingine wa kukueleza.

Uliposhuka garini, umemshika Bwana Tull begani na ule mzigo wa karatasi za kitabu umefungwa kamba kifuani pako, Hosea alikuwa amesimama barazani, mikono ameitanua kushika nguzo mbili. Ulimsikia akidanganya kwamba Lucius amepelekwa hospitali ya Charleston. Hukuona kwamba mimi nilikuwa nyuma yake, ndani ya mlango wa wavu. Nilisimama pale nikakuacha usimame juani. Nilikuwa nafikiria kaburi. Ukasema, "Basi naomba hiki kimfikie," ukaunyoosha mzigo, lakini uliunyooshea pembeni, kwenye maua, pasipo na mtu. Hosea hakuupokea. Alikuacha ukiwa umeunyoosha hivyo hivyo.

Nimemwona kaka yangu akifanya mengi. Hilo lilinishinda. Nilifungua mlango nikamwambia, "Toka kwenye nguzo zangu." Uso wake laiti ungeuona. Mume wangu ndiye aliyezisimamisha zile nguzo.

Yaliyotokea ndani unayajua. Ulimpapasa uso kuanzia nywele mpaka kidevu, nami nikaondoka chumbani. Unajua pia jinsi mlivyoniita. Yeye hana nguvu ya kushika karatasi, wewe huna macho, Bwana Tull akianza kusoma analia. Nilisoma mimi. Mzee wa Detroit, mfungwa wa Virginia, wote, hata shairi alilokuandikia Lucius. Kuna maneno sikuwahi kuyatamka kinywani mwangu, mimi mjane wa miaka sitini na tano. Nikifika hapo nilikuwa nanyamaza, na nyie mnangoja, mpaka nayasema. Mara moja Lucius alitabasamu. Alikuwa ananicheka.

Sasa ya baadaye. Ulipozidiwa na Bwana Tull akakurudisha, Lucius alikaa siku chache tu. Alifariki asubuhi nikimsomea, kwa hiyo sijui alisikia mpaka wapi. Mchungaji alitaka niseme ni kansa ndipo amzike. Nilimwambia mwanangu alikuwa na Ukimwi na ameandika kitabu. Hawakumzika. Amelazwa kwenye shamba la binamu yangu, njia ya Cordova, pana msonobari. Baba yake yuko peke yake kule, na mimi nitalazimika kuchagua.

Zile karatasi nimezipeleka kwa Bwana Pinckney, anayetuchapia ratiba za mazishi mji huu toka tukiwa vijana. Alikataa. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Siku ya pili nikaenda tena na kikapu cha chakula. Akasema atachapa, ila jina la duka lake lisionekane popote. Nikamwambia mimi langu litaonekana, la kwake aliweke anapotaka.

Vitabu vitakuwa tayari mwezi wa tisa. Ngoja, mwanangu. Kula. Nitavituma kwako kwanza.

Mama Verdell


Philadelphia
2 Oktoba 1988

Mama Verdell mpenzi,

Maboksi yamefika Ijumaa. Win alitutoka Jumatano.

Nimejaribu kuandika sentensi nyingine baada ya hiyo na nimeshindwa, basi nitakueleza yaliyotokea kama yalivyotokea. Alikuwa hospitali. Nilikuwa nikimwambia maboksi yako njiani, yuko Baltimore sasa, yuko Wilmington sasa, kama vile ni mtu anakuja kwa miguu. Wauguzi waliacha chakula mlangoni, mimi nikamlisha. Wazazi wake walikuja kutoka Wilmington baada ya kupigiwa simu. Hawakuwa wamemwona tangu alipohamia jirani na mimi. Mama yake alisimama kando ya kitanda bila kuvua glavu. Baba yake aliniuliza mimi ni nani, nikasema rafiki, akasema marafiki wamefanya vya kutosha.

Mazishini nilizuiwa mlangoni. Nilikuwa nimevaa suti nyeusi, Mama, na kofia ya kiume kabisa, ungecheka.

Lakini si hilo ninaloandikia. Baba yake alifika kwenye nyumba ya Win na gari la mizigo akachukua vitu vyote. Amechukua na yale masanduku. Barua zote, Mama. Kila mtu aliyewahi kutuandikia, pamoja na zile ambazo hazikuingia kitabuni, ambazo Win alikuwa anaziweka kwa kitabu cha pili. Kuna wengine wameshakufa na hakuna kingine chao kilichobaki duniani. Wengine wako hai na wana wake na kazi. Nilipiga simu kuzidai. Baba yake akasema atazichoma uani mara majani yakiisha kuanguka, apate kuchoma vyote pamoja. Nikimpigia sasa anakata.

Mimi kwao ni msenge mzee tu. Wewe ni mama. Sijui nakuomba nini. Nakuomba tu.

Ambrose


Orangeburg
9 Oktoba 1988

Kwa Bibi Stokely,

Hunijui. Naitwa Verdell Bledsoe, mjane wa Amos Bledsoe. Nilikuwa na mtoto mmoja, Lucius, na nimemzika mwezi wa saba. Aliugua alichougua Winfield wako. Waliishi pamoja miaka sita, na nadhani hilo unalijua, kama nami nilivyokuwa nikijua na kujifanya sijui.

Sikuandikii kukulaumu. Nasikia hukuvua glavu. Mimi mwanangu nilimwekea sahani yake peke yake. Hakuna atakayetuhukumu kuliko tutakavyojihukumu wenyewe tukiwa tunaosha vyombo.

Mwanao alikuja nyumbani kwangu akiwa haoni, akasimama juani na karatasi mikononi, na kaka yangu akamfukuza. Hakumtukana. Hakujitetea. Nimeona wanaume wengi wakiitwa waungwana, na yule alikuwa mmoja. Wewe ndiye uliyemlea, kwa hiyo nimeona nikwambie, maana sidhani mazishini kuna aliyekwambia.

Sasa nakuomba. Mumeo ana masanduku ya barua na anataka kuyachoma. Usikubali ziungue hujazisoma. Mimi nilisoma kwa kulazimika, kwa sababu mwanangu hakuwa na nguvu na wako hakuwa na macho. Nilidhani nitaona uchafu. Niliona watu wanaoandika vizuri, wanaoogopa, wanaowataja mama zao kila ukurasa wa pili. Winfield amekutaja. Hutalijua hilo kama utaangalia moto tu.

Nitapanda basi Alhamisi. Nitafika kwako Ijumaa mchana na kitabu kimoja. Kimeandikwa Bledsoe juu na Stokely chini yake, nami nimeyaacha yote mawili. Kama mumeo atafungua mlango nitamsalimu kwa heshima, nitakaa mtakaponikalisha. Kama hatafungua nitasimama barazani nisome kwa sauti. Nimeimba kwaya maisha yangu yote, Bibi Stokely, na nimeambiwa nyumba za mtaa wenu zimekaribiana.

Nitaanza na shairi ambalo mwanangu alimwandikia mwanao.

Verdell Bledsoe